Kuishi na familia mwenyeji ugenini: mwongozo kamili, tangu kabla ya safari hadi baada ya kuagana

Kwa karibu wiki sita nilikuwa nikifunga mlango wa chumba changu kila jioni baada ya kula. Niliona ndiyo adabu: wenye nyumba wamechoka na kazi za mchana kutwa, basi wapumzike bila mgeni kuwakalia machoni. Siku moja mama mwenye nyumba akanifuata jikoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu mle ndani aliyenikosea. Katika nyumba ile mlango uliofungwa ulikuwa na maana moja tu: mtu amenuna. Mimi nilikuwa nawaheshimu, wao walikuwa wanajilaumu, na sote tulinyamaza.

Kabla ya kuondoka nilikuwa nimesoma mengi kuhusu nchi ile: historia yake, salamu zake, sikukuu zake. Habari ya mlango sikuikuta popote, wala nisingeikuta, kwa sababu haikuwa desturi ya nchi. Ilikuwa desturi ya nyumba. Anayekwenda kukaa na familia ugenini huingia katika tamaduni mbili kwa mpigo. Ukikosea ile ya nchi utasamehewa, maana kila mtu anaona wewe ni mgeni. Ile ya nyumba ndiyo inayoumiza, kwa kuwa wenyeji wenyewe hawajui kama wanayo. Kwao ni maisha tu. Huwezi kuisoma mahali. Utaijua kwa kuuliza, na kuuliza nako kuna msimu wake. Wiki ya kwanza swali lolote hupokelewa kwa tabasamu. Mwezi wa tatu swali lile lile huonekana uzembe. Mengi ya hatua zilizo hapa chini yanahusu kuutumia msimu huo kabla haujapita.

Hatua ya 1: Jua unaingia kama nani

Jina "familia mwenyeji" hufunika mipango isiyofanana. Kuna mwanafunzi wa kubadilishana, ambaye mara nyingi familia humpokea kwa kujitolea na kumhesabu kama mtoto wao kwa muda. Shirika la AFS, kwa mfano, lilianza na madereva wa kujitolea wa magari ya wagonjwa vitani, kisha mwaka 1947 likageukia kupeleka wanafunzi kuishi katika familia za nchi nyingine. Kuna anayelipia chumba na chakula, mara nyingi kupitia shule ya lugha. Huyo ni mgeni lakini pia ni mteja. Na kuna kijana wa au pair, anayeishi na familia akisaidia kuangalia watoto na kazi nyepesi za nyumba, naye akipewa chumba, chakula na pesa ya mfukoni.

Kila nafasi ina haki na wajibu wake, na magomvi mengi huzaliwa pale mgeni anapojiona mteja huku familia ikimwona mtoto, au anapojiona mtoto huku familia ikimwona mfanyakazi. Kwa hiyo kabla ya kusema ndiyo, pata makubaliano kwa maandishi. Kwa au pair kuna kipimo kizuri: mkataba wa nchi za Ulaya uliotiwa saini Strasbourg mwaka 1969 uliweka umri wa miaka 17 hadi 30, kazi isiyozidi saa 5 kwa siku kwa kawaida, siku moja nzima ya mapumziko kila wiki, na makubaliano ya maandishi kati ya pande mbili. Si kila nchi imeuridhia, na nchi nyingine zina kanuni zao, lakini ukiona familia inakutaka ufanye kazi saa nyingi kuliko hizo mara mbili, uliza kwa nini.

Maandishi yenyewe yaseme haya: chumba ni chako peke yako au unashirikiana na nani, milo mingapi inatolewa na ya siku zipi, nani analipia usafiri wa kila siku, muda wa kukaa, na taarifa itolewe siku ngapi kabla iwapo upande mmoja unataka kuvunja makubaliano. Hicho cha mwisho watu hukionea haya. Usikionee haya.

Hatua ya 2: Jieleze ukweli kabla ya kufika

Fomu ya kujieleza na barua ya kwanza ndiyo nafasi yako ya kusema mambo ambayo ukiyasema mezani siku ya pili yatamsumbua aliyepika tangu asubuhi. Kama kuna chakula kinachokudhuru, kama kuna usichokula kwa sababu ya dini, kama unafunga au unasali kwa saa maalumu, kama mbwa au paka hukupandisha pumu, kama unatumia dawa kila siku, kama unavuta sigara, andika wazi. Tofautisha "kinanidhuru", "sili" na "sipendi". Viwili vya kwanza vitaje mapema na kwa uthabiti. Hicho cha tatu kiache nyumbani. Utashangaa ladha inavyobadilika ukikaa mahali miezi minne.

Ushauri wangu kuhusu barua: usijipambe. Mtu aliyeandika kwamba ni mchangamfu na anapenda watoto, kumbe ni mkimya anayechoka haraka na kelele, atapangiwa nyumba yenye watoto wanne, na miezi kumi itakuwa mirefu. Sema wewe ni mkimya. Familia za watu wakimya zipo, nazo hutafuta mgeni wa aina hiyo.

Mizigo sitaizungumzia sana. Hakikisha nakala za pasipoti, viza na bima ziko sehemu mbili tofauti, mojawapo kwa mtu unayemwamini nyumbani. Dawa zibaki kwenye pakiti zake pamoja na karatasi ya daktari, na uulize ubalozini mapema, kwani dawa zinazouzwa kwa uhuru nchi moja huweza kuwa marufuku nyingine. Tazama maandishi kwenye chaja na vifaa vyako vya umeme: pengine umeme wa nyumbani ni volti 100 hadi 127, pengine 220 hadi 240. Kilichoandikwa 100–240V kinahitaji adapta ya plagi tu. Kilichoandikwa volti za aina moja kinaweza kuungua au kuunguza. Na weka akiba ya kukutosha kulala mahali pengine siku chache, ambayo familia haijui wala haihitaji kuijua. Hiyo si dharau kwao. Asiye na pa kwenda hawezi kusema hapana kwa sauti thabiti.

Hatua ya 3: Siku tatu za mwanzo

Ukifika, jambo la kwanza ni majina. Yaulize, yarudie, omba usahihishwe, kisha uliza wanapenda uwaite nini. Katika nyumba nyingine kumwita baba mwenyeji kwa jina lake tupu ni kawaida, kwingine ni utovu wa adabu mkubwa, na pengine mama mwenyeji atafurahi ukimwita mama ilhali mwingine atahisi unampora mama yako nafasi yake. Swali hili halimkeri mtu yeyote.

Toa zawadi uliyobeba, ndogo na yenye kisa: kitu unachoweza kueleza kilitengenezwaje au kinatumikaje kwenu. Wasipoifungua mbele yako usijali. Kuna watu wanaofungua papo hapo kuonyesha furaha, na kuna wanaoiweka kando wasije wakaonekana wana tamaa.

Usingizi utakusumbua ikiwa umevuka saa nyingi. Kwa makadirio ya kawaida mwili huhitaji kama siku moja kwa kila saa moja ya tofauti, na safari ya kuelekea mashariki huchosha zaidi kuliko ya magharibi. Waambie wenyeji siku hiyo hiyo: "Mwili wangu bado uko saa za kwetu, nikisinzia mezani msinishangae." Bila maneno hayo, mtu anayelala mchana kutwa na kutembeatembea usiku wa manane anajenga sifa ambayo itamchukua mwezi kuifuta. Jitahidi kutoka nje penye mwanga wa jua asubuhi na kula pamoja nao hata kama huna njaa.

Hatua ya 4: Kikao cha maswali, ndani ya wiki ya kwanza

Hapa ndipo ningependa ukae zaidi.

Wenyeji wengi watakupokea kwa maneno ya ukarimu: karibu, hapa ni kwenu, chukua chochote, fanya upendavyo. Wanamaanisha upendo. Hawamaanishi maneno yenyewe. Hakuna mtu anayefanya apendavyo katika nyumba yao, hata wao wenyewe. Baba hafungui friji usiku wa manane, watoto hawaingii bafuni saa moja asubuhi kwa sababu ni zamu ya mama. Mgeni anayeyashika maneno ya ukarimu kama yalivyo atavunja kanuni tano siku ya kwanza, na hakuna atakayemwambia.

Basi siku ya tatu au ya nne, watu wakiwa wametulia, omba dakika ishirini. Sema: "Nataka kuishi vizuri hapa, na sijui mambo ya nyumba hii. Naomba niulize hata ya kijinga." Kisha zingatia namna ya kuuliza. Ukiuliza "naruhusiwa kuoga usiku?", adabu itawalazimisha kujibu ndiyo. Uliza hivi: "Nyinyi huwa mnaoga saa ngapi?" Swali la ruhusa huleta jibu la adabu, swali la mazoea huleta ukweli. Mtu akikwambia "sisi huwa tunaoga kabla ya saa tatu, mtoto asiamke", umepata kanuni bila kumfanya aonekane mkali.

Anza na maji na bafu: zamu ya asubuhi ikoje, kuoga huchukua muda gani, maji ya moto huisha, taulo huanikwa wapi, sakafu huachwa kavu, choo kina namna yake ya kutumiwa na kusafishwa. Uliza hata kama karatasi hutupwa ndani au kwenye ndoo. Mabomba ya nyumba nyingine huziba, na aibu ya kuuliza ni ndogo kuliko ya kuzibua.

Jikoni uliza ni vitu gani vya wote na vipi vya mtu mmoja, kwani karibu kila nyumba ina kikombe au kiti chenye mwenyewe. Uliza kama kupika peke yako ni msaada au ni kuingilia himaya ya mtu. Uliza taka hutenganishwaje. Uliza nini hutokea usipokula nyumbani: utoe taarifa kwa nani, saa ngapi kabla. Naamini hakuna kosa linaloumiza wenyeji kimyakimya kuliko sahani iliyowekewa mtu asiyetokea.

Milango: ikiwa wazi maana yake nini, ikifungwa maana yake nini, watu hubisha hodi au huita, na chumba changu ataingia nani nisipokuwepo. Usiku: nyumba hufungwa saa ngapi, nani wa mwisho kuzima taa, simu na muziki mwisho saa ngapi, nikichelewa nifanye nini. Nguo: nani anafua, siku gani, za ndani hufuliwa pamoja na za wengine au kila mtu zake. Viatu: mwisho wake wapi. Wageni: rafiki aweza kuja, akaketi wapi, mpaka saa ngapi, na je, wa jinsia nyingine? Pesa: tukitoka pamoja nani analipa, na ninunue nini mwenyewe, sabuni, dawa ya meno, karatasi? Intaneti: ina kikomo? Umeme na joto la nyumba: nani anagusa kidhibiti?

Usiulize yote kwa mkupuo kama karani wa sensa. Gawanya katika siku mbili au tatu. Jioni andika majibu kwenye daftari, maana nusu utayasahau, na wiki ya pili utaona kuna mambo mawili uliyoelewa vibaya.

Malizia kwa swali moja ambalo nimelipenda kuliko yote: "Kuna jambo lolote ambalo wageni waliopita, au ndugu wakija, hufanya likawaudhi?" Watacheka kwanza. Kisha watakwambia, na lile watakalolitaja huwa ndilo lenyewe.

Hatua ya 5: Shika jembe

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii wengi huitumia kumtania mgeni, lakini kwa mtu anayekaa miezi ina rehema ndani yake: jembe ndilo linalokutoa kwenye ugeni. Mtu anayehudumiwa tu hubaki sebuleni hata akikaa mwaka.

Lakini usirukie kila kazi. Chagua moja inayojirudia, uiombe, kisha iwe yako: kutoa taka, kuosha vyombo vya usiku, kumtembeza mbwa, kutandika meza. Fanya kwa namna yao, hata kama kwenu mnafanya vizuri zaidi. Omba uonyeshwe mara moja, na mara ya kwanza ufanye wakikutazama. Kazi moja isiyokosa hujenga imani kuliko misaada kumi ya kubahatisha. Na kama uko pale kama au pair, tenganisha jembe hili na kazi za makubaliano. Zile zina saa zake, nazo zihesabiwe.

Hatua ya 6: Lugha ya mezani

Darasani utajifunza sarufi. Mezani utajifunza watu. Tatizo ni kwamba mezani watu wanne huongea kwa pamoja, kwa haraka, kuhusu mtu usiyemjua. Usijaribu kufuata kila kitu. Shika neno moja moja, uliza moja tu kila mlo, liandike baadaye. Kaa karibu na mdogo wa nyumba au bibi au babu: watoto na wazee huongea polepole, hurudia bila kuchoka, na hukusahihisha bila haya.

Kitu kimoja cha hatari: kuitikia "ndiyo" bila kuelewa. Kila mtu ugenini hufanya hivyo, kwa uchovu. Kwenye hadithi za mezani haidhuru. Kwenye mipango inadhuru sana. Ikitajwa saa, mahali, ufunguo, dawa au mtoto, rudia kwa maneno yako: "Kwa hiyo kesho nimchukue saa tisa, mlango wa nyuma?" Hata kama umeelewa, rudia.

Jioni kichwa kitakuuma. Kusikiliza lugha ya ugeni mchana kutwa ni kazi nzito, na mtu aliyekuwa mzungumzaji kwao hujikuta mkimya asiye na mzaha. Waeleze: "Ikifika saa mbili usiku akili yangu hufunga, nikinyamaza si hasira." Ningelisema hilo mapema, na suala la mlango lisingefika pale lilipofika.

Hatua ya 7: Ukishuka moyo

Siku itafika ambapo kila kitu kitakuudhi: wanavyotafuna, wanavyocheka, harufu ya sabuni yao. Hali hiyo inajulikana kitambo. Mwaka 1954 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, akizungumza Rio de Janeiro, aliieleza kwa jina la mshtuko wa utamaduni, akataja dalili zake: kunawa mikono kupita kiasi, wasiwasi juu ya maji na chakula na matandiko, macho kukodolea mbali bila kuona, hasira kwa ucheleweshaji mdogo, na hamu kali ya kurudi nyumbani. Soma tena orodha hiyo ukiwa umeshuka moyo. Inasaidia kujua kwamba hasira yako juu ya taulo haihusu taulo.

Mwaka uliofuata Sverre Lysgaard alichapisha utafiti wake kuhusu Wanorwe 200 waliokwenda Marekani kimasomo. Waliokaa chini ya miezi 6 na waliopita miezi 18 walionekana wamezoea vizuri kuliko wale wa katikati. Hapo ndipo ulipotoka ule mchoro unaofanana na herufi U: furaha, kuporomoka, kisha kupanda. Utaonyeshwa mchoro huo katika semina nyingi. Uchukue kwa tahadhari. Wachunguzi wa baadaye walikuta kwamba wengi hawapiti njia hiyo, na kwamba kwa watu wengi kipindi kigumu zaidi ni mwanzoni kabisa, wakati kila jambo ni geni kwa pamoja. Kwa hiyo kama wiki ya pili unalia, hujaharibika. Na kama mwezi wa nane huna furaha, usikae ukisubiri mchoro ukupandishe.

Cha kufanya. Simu za nyumbani zipange kwa siku na saa, badala ya kupiga kila moyo unapouma. Ukipiga saa mbaya utamwachia mama yako mzigo usiku kucha, wakati wewe kesho asubuhi umeshasahau. Tafuta mahali nje ya nyumba pawe pako: maktaba, uwanja, nyumba ya ibada, kwaya. Mtu mwenye mahali pamoja tu pa kuwa humtwisha mwenyeji mahitaji yote ya moyo wake. Kutana na watu wa kwenu, ndiyo, lakini chunga isiwe kila jioni, na vikao vyenu visigeuke mahakama ya kuwahukumu wenyeji. Nao wenyeji waambie kwa maneno machache: "Nimekumbuka nyumbani. Si kosa lenu." Sentensi hiyo ya mwisho usiiache.

Lakini kama huzuni imedumu wiki mbili mfululizo karibu kila siku, usingizi na hamu ya kula vimepotea, hutaki kuona watu, au mawazo ya kujidhuru yamekujia, hapo si suala la kuzoea tena. Mwambie mratibu wa mpango uliokupeleka, mwalimu au mwenyeji unayemwamini, na uonane na daktari. Mawazo ya kujidhuru hayasubiri wiki mbili. Tafuta msaada siku hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Mkikosana

Mtakosana. Nyumba isiyokosana na mgeni wake kwa miezi sita huenda haijamwona.

Kabla ya kusema lolote, tambua nyumba hii husemaje. Mwanaanthropolojia Edward T. Hall alitofautisha mawasiliano ambayo ujumbe wote umo kwenye maneno na yale ambayo sehemu kubwa imo kwenye hali: nani anasema, lini, kwa uso gani, amenyamazia nini. Kuna nyumba ambamo "tutaona" ni hapana kamili, na nyumba ambamo mtu anakwambia waziwazi umeacha bafu chafu, kisha anakuandalia chai papo hapo kwa moyo mweupe. Ukitoka katika ya kwanza kwenda ya pili utadhani umetukanwa. Ukitoka ya pili kwenda ya kwanza utapita juu ya maonyo matatu bila kuyaona. Watazame wenyewe kwa wenyewe: mume akiudhika na mkewe, anasemaje? Hiyo ndiyo lugha ya malalamiko ya nyumba hiyo.

Ukiwa na lako, chagua mtu mmoja, aliye karibu nawe zaidi, mkiwa wawili, mkono ukiwa na kazi: mnaosha vyombo, mnatembea. Usilitaje mbele ya watoto, wala usilitume kwa ujumbe wa simu usiku. Leta jambo moja tu, la juzi, si orodha ya miezi mitatu. Anza na ulichoelewa, si na walichokosea: "Nadhani kuna jambo sijalielewa. Jumamosi niliambiwa nibaki na watoto, nami nilikuwa nimepanga kutoka. Huwa mnapangaje Jumamosi?" Kisha nyamaza, uwape nafasi.

Ukikosea wewe, omba radhi mara moja, kwa ufupi, na ubadilike. Radhi ndefu humlazimu mwenyeji akufariji, naye ndiye aliyeudhika.

Na mambo ya nyumba yabaki nyumbani. Usiandike mtandaoni habari zao, hata kwa lugha wasiyoijua; tafsiri iko mfukoni mwa kila mtu. Picha za watoto wao usizirushe popote bila idhini ya wazazi.

Hatua ya 9: Kisichokuwa utamaduni

Nimekuhimiza uvumilie, uulize, ujirekebishe. Sasa nasema kinyume chake kwa sababu wageni wema ndio wanaoumizwa. Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho, walisema wazee, lakini si kwa kila chongo.

Kukunyang'anya pasipoti si utamaduni. Kukufungia ndani, kukunyima chakula au daktari, kukuongezea kazi isiyo kwenye makubaliano na kukutishia viza ukilalamika, kukugusa usivyotaka, kuingia chumbani mwako ukivaa, kukupiga: hakuna hata kimoja kati ya hivi ambacho nchi yoyote itakitetea kama desturi ya kumpokea mgeni. Usijiulize kama umeelewa vibaya. Mwili wako ukiogopa kubaki na mtu peke yake, uamini.

Mpango wenyewe uandae kabla hujauhitaji. Hifadhi kichwani, si kwenye simu pekee, namba ya mratibu, ya ubalozi wenu na ya dharura ya nchi hiyo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya namba ya dharura ni 112. Pasipoti iwe mahali unapoweza kuichukua bila kuomba. Kubaliana na mtu wa nyumbani juu ya neno la siri litakalomaanisha "siwezi kuongea, tafuta msaada". Mambo yakianza, andika tarehe na kilichotokea, mpe taarifa mratibu kwa maandishi, na ikiwa ni hatari ondoka kwanza, maelezo baadaye. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kibalozi unampa raia aliye ugenini uhuru wa kuwasiliana na maofisa wa ubalozi mdogo wa nchi yake. Utumie.

Kuna pia hali ya katikati: familia njema, mgeni mwema, na bado hawaivani. Ombeni kubadilishiwa. Mipango mingi ina utaratibu huo, na waratibu wanaujua vizuri. Nimewaona waliong'ang'ania mwaka mzima kwa kuona haya, wakarudi wameichukia nchi nzima kwa sababu ya nyumba moja.

Hatua ya 10: Kuaga, na kurudi

Wiki mbili kabla ya kuondoka rudisha kila ulichoazima na lipa kila unachodaiwa, hata kidogo. Kisafishe chumba kuliko ulivyokikuta, uvue matandiko. Mwandikie kila mtu wa nyumba barua yake, mtoto naye ya kwake, ukitaja jambo moja halisi alilokufanyia: siku ile aliyokusubiri kituoni mvua ikinyesha, neno lile alilokufundisha. Barua moja ya jumla kwa wote haishiki moyo hivyo.

Ukifika kwenu jiandae kwa jambo ambalo halisemwi uwanja wa ndege: kuzoea upya. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn waliongeza nusu ya pili kwenye ile U, ikawa herufi W, kwa sababu waliorudi nao waliporomoka tena. Nyumbani patakuwa pamebana, marafiki watachoka na hadithi zako ndani ya wiki moja, na utajikuta unafunga au unafungua milango kwa namna ambayo ndugu zako hawaielewi. Waeleze, kama ulivyowaeleza wenyeji.

Watumie wenyeji ujumbe siku hiyo hiyo kwamba umefika salama. Andika tarehe zao za kuzaliwa kwenye kalenda mpya. Mwezi wa kwanza piga simu, uongee kwa lugha yao hata ikiwa imeanza kukatikakatika, na ukisikia wamepata mgeni mwingine, omba umsalimie. Mwambie aulize habari ya mlango.